Nami Nichorwe Ukutani

Mbeya,
14 Agosti, 1956.

Kwa Shemeji yangu mheshimiwa,
Bwana Yunusu bin Matano,
Iringa.

Assalaam aleikum, Shemeji. Barua hii ikikufikia, tafadhali kaa kitako kabla hujaendelea, na kama umeshika kikombe cha kahawa kiweke chini. Sisi huku wazima. Kinachotusumbua ni baridi tu, pamoja na mdogo wako.

Nakuandikia wewe kwa sababu ndiwe uliyeleta posa kwa marehemu baba yangu, ukasema mbele ya watu kwamba Selemani ni fundi seremala mtulivu, hana makuu. Watu walikula halua juu ya maneno yale. Kwa heshima zote, naudai huo utulivu.

Bila shaka unaukumbuka mnada wa yule mlowezi wa kahawa aliyerudi kwao. Selemani alinunua makasha marefu yaliyopigiliwa misumari, akaniapia kwamba ndani yake mna mashine ya kukoboa mpunga. Tukapanga tuipeleke Chimala kwa mkwe wetu, tule uzee wetu bila kuwasumbua watoto. Makasha yalipofunguliwa zikatoka mbavu za mbao, magurudumu madogo, vitambaa na kitabu. Ilikuwa ndege, Shemeji. Si ya kufuga. Ni ile ya kupanda angani, imekuja vipandevipande ili mwenye nyumba aiunge mwenyewe. Nilidhani atalia. Akasema Mungu akikupa ndege usimdai mashine.

Ndege yenyewe sina ugomvi nayo, maana haijaanza kuundwa. Ugomvi wangu ni na ukuta. Kitabu kimeandikwa Kiingereza, nasi Kiingereza hatukijui, lakini kina picha. Ukurasa wa kwanza unaonyesha karakana ya nyumbani: vyombo vyote vimetundikwa ukutani, na nyuma ya kila chombo pamechorwa umbo lake, ili kikiondoka pengo lionekane. Mzungu ameinama juu ya meza ya kazi, na mkewe amesimama kando yake, anacheka, sijui anacheka nini. Mtu mwingine angefunua ukurasa wa pili, ambako kazi inaanza. Selemani amekataa. Anasema hata chuoni hatukuruka alifu tukaenda bee. Kwa hiyo tangu masika mdogo wako anaunda ukurasa wa kwanza, katika chumba chetu cha uani.

Malalamiko yangu ni haya, na nayapanga kwa namba, kwa kuwa siku hizi nyumba hii haisikii kisichopangwa.

1. Picha ile ina vyombo ambavyo fundi wa milango na vitanda hana, wala hajapata kuviona. Selemani hakutaka kuacha pengo, akatafuta vinavyofanana navyo. Mchi wangu wa kinu umekuwa nyundo ya aina fulani. Upawa unaning'inia karibu na patasi. Mbuzi ya kukunia nazi imepewa mahali pa heshima chini ya misumeno, na nikimuuliza ina kazi gani kwenye ndege ananiambia itajulikana kurasa za mbele. Vyote amevizungushia rangi nyeupe na kuandika majina chini yake. Nikitaka kupika wali wa nazi nakwenda kuazima vyombo vyangu mwenyewe, na nisipovirudisha kabla ya alasiri naitwa kwa sauti, "Zuena, upawa!" utadhani nimeiba msikitini.

2. Jirani yetu Tupokigwe, mkulima wa viazi kule mlimani, alikuja kuazima kinu, chake kimepasuka. Nikamwambia kinu kipo, ila mchi uko kwenye ndege. Akanitazama sana. Akasema, "Mama Waridi, pole sana. Kwetu sisi mwanaume akianza namna hii tunaita mchungaji." Sasa kila Jumapili tunaombewa kanisani kwao, mimi na Selemani, kwa majina. Dua sizikatai. Ila baada ya ibada waumini wanakuja kuutazama ukuta, na mimi ndiye ninayewapikia chai.

3. Ukuta una sheria. Chombo kinachohitajiwa zaidi hukaa karibu na mkono wa fundi, naye hukishika bila hata kukitazama. Kisichohitajiwa sana hukaa mbali, upande wa mlango. Nilisimama pale nikaanza kupima kwa macho: randa hii hapa, msumeno ule pale, ndoo ya lami kule mwisho. Jiko langu liko nje ya mlango, ng'ambo ya ua. Niliumia, Shemeji.

4. Siku moja aliniita nimshikie ubao kando ya meza. Nikaegemea ukuta, mikono juu, nimevaa kanga mbili na sweta kwa sababu ya baridi. Yeye akanizunguka na kipande cha mkaa, akipima kushoto, akipima kulia, mpaka mikono ikafa ganzi. Ubao wenyewe akauweka chini bila kuufanyia lolote. Hata ahsante hakusema. Mimi niliyemzalia watoto nimegeuzwa msumari!

5. Kesho yake nilikwenda Chimala kwa binti yetu Waridi, aliyekuwa anakaribia kujifungua, nikakaa naye mpaka akatoka arobaini. Sasa sikiliza. Katika nyumba hii bisibisi ikikosekana, msako unafika mpaka chini ya vitanda. Mimi nilikosekana arobaini nzima na zaidi, na hakuna aliyekuja kunitafuta. Niliporudi juzi nilimkuta amekaa kwenye kigoda chake, mikono mitupu, na kazi iko palepale nilipoiacha. Akaniangalia, akasema, "Umerudi. Haya, sasa tunaweza kufunua ukurasa wa pili." Basi. Habari za mjukuu aliziuliza baadaye, wakati wa kula. Niliingia jikoni nikalia, nikasingizia moshi.

6. Kando ya meza, pahali pazuri kuliko pote, ametundika turubai, na amenikataza kuligusa, eti rangi haijakauka. Rangi gani hiyo, wakati ya upawa ilikauka siku ileile? Tupokigwe anasema mwanamume akificha kitu, kitu hicho ni mwanamke. Mimi nakataa, maana mke mwenza ningempokea kwa vigelegele. Mke mwenza angekuwa na zamu yake nami ningekuwa na yangu, na angalau angejua mbuzi ya nazi ni ya nini. Ukuta hauna zamu. Umezichukua zote.

Kwa sababu hizo naomba hukumu. Siombi ndege ichomwe, wala siombi talaka. Naomba uje Mbeya, wewe mkubwa wa ukoo, umwamuru ndugu yako anichore na mimi ukutani. Sifanyi mzaha. Anizungushie rangi nyeupe kama alivyouzungushia upawa, aandike jina langu chini, ili siku nisipokuwepo pengo lionekane na msako ufanyike. Mahali sichagui. Hata kule mlangoni, nyuma ya ndoo ya lami, nitaridhika.

Akikataa, nitapanda basi la Jumatatu kuja Iringa, na sirudi. Sanduku nimeshalifunga, liko uvunguni. Nitakaa kwenu, nitamsaidia mkeo Mwanakhamisi kupika, na nitakuja na mchi, maana huo najua atautafuta.

Nakusihi usilione jambo hili dogo. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, lakini huu anayeubeba ni mimi, na umenielemea.

Nisalimie Mwanakhamisi na watoto wote, wakubwa kwa wadogo. Wasalimie majirani wa pande zote mbili, wa mbele na wa nyuma, na mzee wa duka la vitambaa aliyenipunja mwaka juzi, mwambie nimemsamehe nusu. Na yule beberu wako mwenye pembe moja, kama bado yu hai.

Ni mimi shemeji yako mtiifu, mwenye huzuni,
Zuena binti Hamadi.

Nyongeza. Bahasha ilikataa kushika, nikaenda karakana kutafuta gundi. Selemani alikuwa msikitini. Kona moja ya turubai ilikuwa imelegea, Shemeji. Sikulifunua mimi, nilimalizia tu.

Nyuma yake pamechorwa mtu kwa rangi nyeupe, na chini pameandikwa ZUENA, kwa herufi zilezile za RANDA na MSUMENO. Mahali penyewe ni kando ya meza, karibu na mkono wake kuliko hata randa. Nikachukua kitabu, nikaitazama tena ile picha. Vyombo vyote tunavyo, vya kweli na vya jikoni. Kilichokuwa kimebaki ni yule mwanamke aliyesimama kando ya meza. Kumbe siku zote nilizokuwa Chimala mdogo wako alikaa kwenye kigoda, mikono mitupu, akilitazama pengo.

Kwa hiyo usije kuhukumu. Ukipenda njoo kututembelea, uje na nazi. Sanduku nimelifungua. Turubai nimelirudisha kama lilivyokuwa, kwa sababu naona anataka kunionyesha mwenyewe siku ya kufunua ukurasa wa pili, nami nimeshaanza mazoezi ya kushangaa. Barua nakutumia hivyohivyo, stempu imeshashika.

Limebaki lalamiko moja tu la haki. Amenichora mnene mno. Nilivua sweta, nikavua na kanga ya juu, nikasimama ndani ya mchoro ili nikupatie ushahidi. Nimeenea barabara, kushoto na kulia. Hili usimwambie Mwanakhamisi.