Kaya Mia na Nane za Bonde la Zurimba

Jumatatu, 9 Septemba 1996
Dunia haina haki! Mwaka wa pili huu tangu wanunuzi binafsi wa pamba waingie Bariadi na mizani zao, ushirika ukafunga ghala, na mimi karani nikaondoka na kalenda ya mwaka uliopita. Mke wangu Malimi analisha nyumba kwa maandazi. Leo nimepata upenyo. Jarida jipya la Mwanza linataka hadithi ya ufalme wa kubuni. Mshindi anaajiriwa, anakuwa mwandishi wao wa huku. Mwisho ni Jumamosi, kwa hiyo kazi yangu lazima iondoke na basi la Ijumaa. Mwalimu Danford naye anaandika. Nimechungulia daftari lake hotelini: mfalme mmoja, binti mmoja, farasi mmoja. Huo ni ufalme au picha ya pasipoti? Wangu utakuwa na jimbo la mtoni, Bonde la Zurimba, limejaa watu, kila mmoja na jina lake na shamba lake.

Jumanne, 10
Watu wanatoka wapi? Nimebuni kumi na wawili, nikaishiwa. Na mto je? Mto wetu una maji wiki chache, halafu ni mchanga. Sijawahi kuona mto wenye maji mwezi wa tisa. Nikapata akili. Nimepiga baiskeli mpaka kijiji cha Nkoma na kaunta buku, nyumba kwa nyumba. Mwangaluka, habari za asubuhi, jina nani, watoto wangapi, ukipewa shamba mtoni utalima nini? Wamejibu vizuri ajabu. Mzee Masunga mpunga. Mama Nyanjige vitunguu, na hataki ujirani na wakwe zake. Nimeandika yote, kila kaya ukurasa wake.

Jumatano, 11
Wamekuja wenyewe! Kabla ya chai uani hapatoshi. Kumbe Nkoma nzima zimeenea habari kwamba karani wa zamani anaandikisha watu wa kugawiwa mashamba mtoni. Siku hizi kila kitu kinabinafsishwa, kwa nini mto ubaki? Nilitaka kusema ukweli. Mdomo niliufungua kabisa. Lakini Mzee Shigela alikuwa ameshika jogoo, na jimbo langu lilikuwa na kaya arobaini tu. Nikaufunga. Shigela nimempa ekari tano penye kivuko. Akasema bora mimi kuliko ushirika. Nikamuunga mkono. Jirani yake Salu akalalamika kaonewa, naye nikamridhisha haraka haraka. Hadi jioni, kaya mia na nane!

Alhamisi, 12
Imekamilika! Mashamba, ugomvi wa wakwe, njia za ng'ombe kwenda kunywa maji. Danford kapita, kaona umati, kauliza kulikoni. Nikamwambia ni wahusika wangu. Uso ulimshuka! Sijafurahi hivyo tangu ghala lifungwe.

Alasiri mambo yakanigeukia. Wakataka hati. Nikasema hati hakuna. Wakapiga kelele, nami kwa hasira nikasema ukweli: bonde ni la kubuni, mto haupo, nimeutunga kichwani. Mama Nyanjige akasema ndivyo wakubwa wanavyosema kila wakitaka kugawana wenyewe kwa wenyewe. Akafungua kaunta buku, akatafuta jina lake, akachana ukurasa. Wengine wakapanga foleni nyuma yake, kwa utaratibu mzuri, wakisaidiana kusoma. Nimebaki na jalada. Malimi naye alikuwa kwenye foleni! Nilikuwa nimempa mgahawa karibu na kivuko. Nikamuuliza, hata wewe mke wangu? Akasema mambo ya kubuni hayajui, anachojua ni kwamba jina lake limeandikwa kwa wino.

Ijumaa, 13
Basi limeondoka na farasi wa Danford. Nimekwenda Nkoma kubembeleza wanirudishie kurasa. Hakuna aliyetoa. Shigela kaushonea wake mfuko wa nailoni. Nimekaa chini ya ukuta wa ghala nikalia, mtu mzima na ndevu zangu. Watu waliokuwa wanapita wakanipa pole ya msiba.

Jumatatu, 23
Danford ameajiriwa. Mhariri kasifu ufalme wake kuwa umejaa uhai. Farasi mmoja! Nimeacha chakula. Mchana wakaja Shigela na Salu wameshikana mashati. Kila mmoja ukurasa wake unasema kivuko ni chake. Kosa langu, lile la haraka haraka. Mwenyekiti wa kijiji kaniita mbele za watu: aliyeandika ndiye aamue mpaka. Hapo ndipo palikuwa pa kukiri kwa upole na kuomba radhi. Lakini walikuwa wananitazama, wote, wakingoja neno langu. Danford ana kazi. Nani anamngoja Danford? Nikaomba kalamu. Kivuko nikampa Shigela. Salu nikamwekea ziwa. Kanishukuru kwa mikono miwili.

Alhamisi, 26
Malimi kaniamsha. Kuna wanaume kumi na wanne mlangoni, wafugaji wa Mwanhuzi, hakuna hata mmoja aliyewahi kushika wavu. Wanauliza uandikishaji wa wavuvi unaanza lini. Nimewaambia ni leo hii, wapange mstari, na kila mtu aje na jina lake kamili.