Msimamizi wa Foleni

Jumatatu, 3 Juni
Siku ya ishirini sebuleni kwa shemeji. Mimi na mke wangu tunalala kati ya kochi na friji. Leo shemeji ameniuliza, kwa upole na mbele ya wageni, kama nyumba imepatikana. Mke wangu akanivutia jikoni. Amenipa mpaka Jumamosi. Nisipopata nyumba, yeye atabaki hapa kwa kaka yake, mimi nitajua pa kwenda.
Hajui ameolewa na nani!

Jumanne, 4 Juni
Imepatikana! Vyumba viwili, choo ndani. Dalali anasema mwenye nyumba, mama mmoja mjane, ataionyesha Alhamisi saa tatu, na watu watajaa kama siafu. Waje. Wao wana miguu, mimi nina akili. Nimenunua daftari. Mshika kalamu hawezi kukosa.

Alhamisi, 6 Juni
Nimefika saa kumi na mbili. Nikamkuta kinyozi wa mtaani kwetu ameegemea geti, anapiga mswaki! Sikutetereka. Nikafungua daftari, nikamuuliza jina kwa sauti ya kiofisi. Akalitaja. Akaniita mkubwa! Kufika saa mbili, watu thelathini na wanne, mstari umenyooka. Mama mmoja alitaka kupenya, nikamrudisha. Akaniomba radhi.
Sasa, jina langu. Niwe wa pili, nyuma ya kinyozi? Mimi? Nikaliandika juu kabisa, juu ya namba moja, kwa herufi kubwa: MSIMAMIZI. Nikapiga mistari miwili na sahihi. Mwenye nyumba akapokea orodha kwa mikono miwili, akasema hajawahi kuona foleni yenye adabu namna hii. Akauliza kama nimetumwa na dalali. Nikatabasamu tu. Mtu mkubwa hajielezi.

Jumamosi, 8 Juni
Nyumba kapewa kinyozi. Nikaenda kulalamika. Mwenye nyumba akashika mdomo: kumbe na mimi nilikuwa natafuta nyumba? Yeye alisoma wenye namba tu. Lakini kanikaribisha chai, na kaniomba Jumatatu nikasimamie foleni ya nyumba ya dada yake. Kaniomba mimi! Kinyozi kaombwa na nani?
Mke wangu nikampa habari zote mbili. Ya pili hakuisikiliza. Akasema mchuma janga hula na wa kwao, ila yeye ameshashiba. Naandika haya karakanani kwa rafiki yangu seremala, nimekalia begi langu.

Jumatatu, 10 Juni
Watu hamsini na mmoja! Cheo changu nimekipigia mistari mitatu. Nimenunua na filimbi.
Saa mbili nikamwona mke wangu anakuja mbio, viatu mkononi. Kachoka kunisubiri, kaja kututafutia nyumba mwenyewe. Akaninong'oneza nimwandike wa kwanza, turudiane leo leo. Moyo ukaniruka kwa furaha. Lakini foleni nzima ilikuwa inanitazama, na yeye, maskini, mambo ya uongozi hayajui. Nikatangaza kwa sauti kwamba kwangu hakuna upendeleo. Nikamwandika wa hamsini na mbili.
Wamenipigia makofi!