Gari la Mwalimu Lisilonguruma

Jumatatu, 3 Juni

Leo nimeliona gari la umeme analouza yule mwalimu mstaafu wa jiografia. Dogo, rangi ya maziwa, mlango wa nyuma unafunguka kwenda juu. Zuri! Nikamwomba aliwashe nisikilize. Akasema limewaka tangu nilipoingia. Nikainamisha sikio kwenye usukani. Kimya. Mimi ni fundi saa, nimezoea kitu kinachofanya kazi kitoe sauti. Nikafungua boneti kutafuta kijiti cha kupimia oili. Mwalimu akaniacha nitafute mpaka nikachoka, ndipo akasema halina oili ya injini kwa sababu halina injini.

Mke wangu ni mkunga. Zahanati yao iko juu ya kilima, gari letu la zamani lilishakufa, na jioni miguu yake huvimba hadi viatu vinakataa kutoka. Amenipa mpaka Jumamosi nimpatie gari. Nimemwambia aniachie mimi.

Jumanne, 4 Juni

Nimerudi na lenzi yangu ya kazini, ile ya kubana jichoni. Nimekagua tairi moja moja. Za mbele zimelika kuliko za nyuma. Mwalimu akaeleza kuwa betri ni nzito na magurudumu ya mbele ndiyo yanayovuta. Ana daftari: kila alipochaji, tarehe, saa, asilimia ya kuanzia na ya kuishia. Miaka minne, hajaruka hata siku moja! Nikachomeka chini ya usukani kifaa nilichoazima. Kikasema afya ya betri ni asilimia themanini na nane.

Tukapanda hadi zahanati na kurudi. Ajabu! Wakati wa kuteremka, chaji iliongezeka kwa asilimia moja. Nikaomba tuteremke tena mara mbili. Mwalimu akasema sharti tupande kwanza.

Kurudi kwake, nani yuko getini na futi mkononi? Soli, jirani yangu muuza viatu. Anataka kujua maboksi mangapi yataingia kwenye buti la gari. Kumbe naye analitaka!

Jumatano, 5 Juni

Wazo limekuja nikipiga mswaki. Kinyozi wetu hana kifua. Ukimwambia siri akiwa shavu la kwanza, akifika la pili mtaa mzima unayo. Nikaenda. Nikamnong'oneza kwamba betri ya gari la mwalimu imekufa, inachemka, inanuka plastiki iliyoungua. Nikamwapisha asimwambie mtu. Akaapa. Soli hunyolewa pale kila Alhamisi. Akikimbia yeye, mwalimu atabaki na mimi tu, na bei itashuka yenyewe. Nimepiga mluzi njia nzima.

Alhamisi, 6 Juni

Nimempeleka mke wangu akalijaribu gari. Akaendesha hadi zahanati, akarudi, akazima, akavua viatu, akabaki amekaa tu. Sijamwona ametulia hivyo siku nyingi.

"Baba watoto, ni hili," akasema. "Mlipe mwalimu leo."

Nikamkonyeza, nikamwambia asubiri Jumamosi, kuna jambo linaiva. Hakuuliza jambo gani. Hilo lilinitia wasiwasi kidogo.

Ijumaa, 7 Juni

Balaa! Nikiwa kwenye foleni ya mkate, mama mmoja nisiyemjua akanionya nisije nikathubutu kununua gari la umeme. Eti kuna moja la mwalimu fulani, betri imeungua, lilitoa moshi mbele ya zahanati, na mwenyewe hulipulizia manukato kuficha harufu. Nikauliza nani kasema. Akajibu kwamba habari imetoka kwa mtaalamu wa vyombo vidogo vidogo, mtu makini, aliyelikagua kwa lenzi.

Mtaalamu! Nje nikakutana na fundi bomba, naye hayo hayo. Kisha mteja aliyeleta saa ya ukutani. Mashahidi watatu wasiojuana! Ni kweli kwamba mimi nilimwambia kinyozi jambo la kufanana na hili, lakini langu lilikuwa la kubuni, tena halikuwa na moshi. Hili lina moshi. Halafu nikakumbuka: ndani ya lile gari kulikuwa na harufu ya malimau!

Nikampigia mwalimu, nikajitoa kwa adabu. Akashusha pumzi, akasema leo ameulizwa habari ya moshi na watu tisa. Nimemwambia mke wangu kwamba nimemwokoa. Alikuwa ameloweka miguu kwenye beseni.

Jumamosi, 8 Juni

Gari liko mbele ya duka la viatu.

Soli alisikia habari ya moshi, akaenda kwa mwalimu, akaomba daftari, akalisoma lote amesimama, kisha akapima betri. Themanini na nane. Mwalimu, kwa kuchoshwa na maswali, akampunguzia bei. Haya yote nimeyapata kwa mke wangu, ambaye Soli amempandisha hadi zahanati asubuhi bila kuombwa, na jioni akamrudisha. Aliingia, akaweka mkoba mezani, akanitazama.

"Chaji inaongezeka mkiteremka. Ulijua?"

Nikasema nilijua.

"Ulijua," akasema, akaenda kuvua viatu. Vilitoka bila kuvutwa. Niliona aibu, nasema kweli. Ilidumu mpaka chakula kilipoiva.

Jumapili, 9 Juni

Nimetafakari sana. Kosa langu nimeliona: betri ni jambo linalopimika. Mtu yeyote mwenye kifaa anaweza kwenda kuhakikisha.

Leo nimegundua kwamba mshonaji wa mtaa wa pili anauza gari lake dogo la umeme, la bluu. Nimelichungulia kupitia uzio. Tairi zote zimelika sawasawa! Kwa nini? Waya wa kuchajia umezungushwa kwenye ndoo, sijui kwa nini pia, na nina hamu kubwa ya kujua. Mke wangu hajaambiwa. Nataka kumshtukiza. Ila asubuhi dada yake Soli alikuwa pale kupima gauni, na macho yake hayakuwa kwenye gauni.

Ndevu zangu hazijaota bado, lakini kesho napita kwa kinyozi. Safari hii nitasema ni breki.