Jawabu la Juu na Ngamia Wake

Amma baada ya kumhimidi Mola aliyemfundisha mja kwa kalamu, wakazi wa Harar wanatangaziwa kwamba Idara ya Uthibitisho wa Habari za Mtandaoni imefungua milango yake. Tangu sasa hakuna raia atakayepekua mtandao kwa kidole chake mwenyewe, kwani kidole cha raia hakina mafunzo. Atajaza fomu, Idara itapekua kwa niaba yake, jawabu litagongwa muhuri.

Mimi ndimi Katibu, mshika muhuri. Mkurugenzi wetu, Bwana Redwan Abdosh, ndiye mtunzi wa kanuni yetu ya pekee.

"Katika swala, nani husimama mbele?" alituuliza siku ya ufunguzi.

"Imamu!"

"Basi jawabu linalotokea juu kabisa ndilo imamu wa majawabu. Mengine ni maamuma."

Tukapiga takbiri.

Raia wa kwanza alikuwa Mama Nuriya, mjane aliyesuka vikapu miaka kumi na mmoja ili ahiji. Alitaka kujua neno moja tu: mwisho wa kujiandikisha hija ni lini? Nikapekua. Jawabu la juu lilikuwa ukurasa wa muuza mazulia, uliopambwa kwa picha ya ngamia: tarehe kumi, mwezi wa sita.

Bwana Redwan akaitazama kalenda ya wageni, ambayo Idara huitumia kwa ajili ya hadhi ya kimataifa. "Juni. Bado kama miezi minne. Tena na mimi nahiji mwaka huu. Gonga hati mbili, yake na yangu."

Nikagonga mbili.

"Mwanangu Redwan," akasema Mama Nuriya, "huyu muuza mazulia kapokea kwa nani?"

"Mama, mtandao haupokei kwa mtu. Mtandao unajua."

"Hata panya wa ghalani anajua, lakini simwulizi bei ya mtama. Marehemu mume wangu alifundisha hadithi msikitini. Hakukubali hata neno moja bila sanadi: nani kasema, kasikia kwa nani, lini. Wewe unapokea kwa ngamia?"

"Ngamia wangu ana muhuri, mama. Marehemu alikuwa nao?"

Nikacheka kwa kiwango kinachoruhusiwa na cheo changu.

Hapo mjane akafungua kitambaa, akatoa simu yake, akavunja kanuni mbele ya macho yetu. Chini ya ngamia akaona kwamba muuza mazulia alinakili kutoka gazetini, na gazeti likanakili kutoka Baraza la Hija. Akaliacha gazeti, akaandika jina la Baraza lenyewe, akasoma tangazo lao, kwanza akihakikisha kuwa ni la mwaka huu.

"Yekatit, tarehe kumi," akasoma. "Mwezi wa sita ndiyo, lakini wa kalenda yetu ya miezi kumi na mitatu! Muuza mazulia kaacha jina la mwezi, nawe ukaugeuza Juni ya wageni. Redwan, hii ni keshokutwa!"

Hakutosheka. Akawapigia Baraza, wakamthibitishia. "Mashahidi wawili," akasema, akakifunga kitambaa.

"Muhuri umekwisha gongwa," Bwana Redwan akamjibu kwa upole wa kiofisi. "Keshokutwa yako haitambuliwi na Idara."

"Basi baki na muhuri, mwanangu. Mimi nakwenda kujiandikisha." Akatoka mbio. Bwana Redwan akamalizia chai yake ya majani ya kahawa.

Miezi ikapita kwa amani. Mji mzima ukawa unamwita Bwana Redwan Alhaji kabla hajahiji, naye hakuwazuia. Ilipofika Juni kumi, akavaa kanzu nyeupe, akaenda kujiandikisha nami nikimbebea hati yake yenye muhuri. Karani wa Baraza akaisoma kwa heshima, akauliza, "Hii mmepokea kwa nani?"

Daftari lilikuwa limefungwa tangu Yekatit. Jina la mwisho: Nuriya.

Tukaenda kwa mjane, tukamkuta akifunga mizigo. Bwana Redwan akasimama mlangoni kama mtoto wa madrasa asiyejua sura yake.

"Mama, huko uendako, niombee."

"Nikuombee nini, Alhaji wangu?"

"Elimu, mama."

"Ile ya juu kabisa?"

"Hapana, mama," akasema, akiinamisha kichwa. "Ile yenye sanadi."

Idara inathibitisha maneno haya: mimi, Katibu, nimeyasikia kwa masikio yangu mwenyewe, mlangoni kwa Mama Nuriya, tarehe kumi Juni, kwa kalenda ya wageni.