Moyo wa Baba na Chumvi ya Majirani

Jumatatu, 1 Desemba 2025
Baba kapimwa presha zahanati. Nesi kasema ni nzuri, hatari ya moyo kwake ni ndogo, dawa hahitaji. Ila apunguze chumvi na atembee, ili ibaki ndogo. Baba alisikia "ndogo" tu. Akanunua nyama choma kujipongeza, akaichovya chumvi pande zote. Nataka azeeke na moyo huohuo. Kumwambia siwezi. Mbele yake sauti yangu hupotea. Lakini mpishi ni mimi.

Jumanne, 2 Desemba
Mlenda, chumvi robo kijiko. Baba kauliza nani kafariki hata mboga iwe chapwa hivi. Akaagiza kopo la chumvi, akajimiminia zaidi ya jana. Wifi Kabula, mke wa Kaka, kasema kumbe kidato cha nne nilisomea kuchemsha maji.

Jumatano, 3 Desemba
Nimeficha kopo. Kabula akaenda kuomba kwa jirani, mama Bernadetha. Nilisahau kwamba kwetu nyumba ikikosa chumvi, watu hujua imeishiwa kabisa. Kufikia jioni kina mama sita wameleta pakiti mojamoja, pamoja na pole. Mmoja kamuuliza Mama kama ng'ombe wamekufa wote. Aibu. Na chumvi sasa tunayo kushinda duka.

Alhamisi, 4 Desemba
Alfajiri nikamwaga pakiti zote kwenye hori. Ng'ombe wanapenda chumvi, na presha yao hakuna anayeipima. Walilamba mpaka hori likang'aa. Kisha kiu. Wakavunja zizi, wakakimbilia mtoni. Baba kawafuata kwa miguu, saa tatu nzima. Mazoezi hayo!

Ijumaa, 5 Desemba
Baba kaona pakiti tupu, kaniita. Kabula akahamishia ungo wake karibu asikose neno. Nikasema yote, nikivitazama vidole vya miguu ya Baba. Akauliza kwa nini sikumwambia tangu Jumatatu, yeye si simba. Kisha akaagiza kopo lisiletwe tena wakati wa kula, na machungani atakwenda mwenyewe kila asubuhi. Nimelia kidogo, kwa furaha. Kumbe kusema kunatosha.

Jumatatu, 8 Desemba
Leo kapimwa Mama. Hatari yake pia ndogo, ila apunguze sukari. Nilitaka kumwambia. Nikaona tusiharakishe. Sukari yote nimeimwaga kwenye gunia la mbegu za karanga. Kaka anazipanda kesho, itafukiwa nazo shambani. Humo hakuna atakayeiona.