Mota Isiyo na Kazi

Tunayo furaha kuutangazia umma wa Dumyat kwamba Kamati ya Kudumu ya Kuzuia Mizunguko Isiyo na Tija imeshinda vita vyake vya kwanza. Adui alikuwa mota moja. Ilikamatwa ikizunguka hadharani, saa nne asubuhi, bila mzigo na bila kibali. Mimi, Wagdi Zahran, Katibu wa Kamati, ndiye niliyeikamata, na naandika taarifa hii ili watu wasipotoshwe na maneno ya vichochoroni.

Karakana ni ya Hajati Inshirah, mjane, fundi wa samani. Ana msumeno mkubwa na randa ya umeme, na mashine zote mbili zinataka umeme wa fezi tatu, yaani wa nyaya tatu za moto badala ya mmoja. Kichochoro chake kina fezi moja. Aliomba fezi tatu kwenye idara yetu ya umeme, na ombi lake lilikuwa linakwenda vizuri kabisa. Lilikuwa limemaliza miezi kumi na moja kati ya kumi na minne inayotakiwa. Kumbe mwenyewe hakuwa na subira.

Nilimkuta amezungusha kamba kwenye mhimili wa mota kuukuu ya pampu ya kisima. Akaivuta kwa nguvu, mota ikaanza kuzunguka, akabonyeza swichi, ikanguruma. Kisha akaiacha pale kwenye kona, akaenda zake kuranda mbao.

"Hajati, hiyo mota inafanya nini?"

"Inazunguka, bwana."

"Inaendesha nini?"

"Haiendeshi kitu. Inanipa fezi ninazokosa. Yenu moja inaingia pale, huku napata tatu. Ukiizima tu, randa hii hainyanyuki tena."

"Yaani inakula umeme wa taifa kutwa nzima, imekaa peke yake kwenye kona, na haishiki kazi yoyote?"

"Bila yake humu hakuna kazi inayofanyika." Akanitazama toka juu mpaka chini. "Ingekuwa mtu, mngeshampa meza na kiyoyozi."

Maneno hayo niliyaandika kwenye daftari kama pongezi kwa idara.

Kamati ilikaa vikao vitatu. Hoja ilikuwa moja: je, kitu kinaweza kuzunguka siku nzima bila kuzalisha chochote kinachoonekana, na bado kikawa na faida? Tulikuwa wajumbe tisa, wote wa daraja la juu, na tulikubaliana kwa kauli moja kwamba haiwezekani. Nikarudi karakanani na lakiri nyekundu, nikaipiga mota mhuri. Anayevunja lakiri ya serikali analala ndani mwaka mzima.

Hajati akaketi kwenye rundo la mbao, akalia.

"Wagdi mwanangu, Alhamisi natoa samani za bi harusi. Kitanda, kabati, meza ya kioo. Watu watajaa barabarani kuyatazama magari yanayopeleka samani kwa bwana harusi. Yakipita matupu, nani ataniletea kazi tena mji huu? Nitafunga karakana!"

"Hajati," nikamwambia, "sheria haina bi harusi."

Niliipenda sana sentensi hiyo. Niliirudia njia nzima.

Kuna jambo dogo halikuwemo kwenye faili. Bi harusi alikuwa binti wa Mkurugenzi wetu Mkuu, Bwana Nazmi.

"Ewe punda," alinikaribisha ofisini, "umefunga kitanda cha mwanangu?"

"Hapana, mheshimiwa. Nimefunga mota. Kitanda bado ni mbao."

"Nenda kaifungue sasa hivi!"

"Lakiri haifunguliwi kabla ya siku tisini, mheshimiwa. Ni waraka wako."

Akajifuta jasho. "Basi mpeni hizo fezi tatu leo leo."

"Mita mpya ni miezi kumi na minne. Waraka wako pia. Ila kubadilisha jina kwenye mita iliyopo ni dakika kumi."

"Mita ipi iliyopo?"

"Yetu."

Alisaini bila kusoma, jinsi viongozi wenye upeo wanavyosaini. Kufika adhuhuri, mita ya idara ilikuwa na jina la Hajati Inshirah, na mashine zake zilikuwa zinapandishwa ngazi kuingizwa ukumbi wa mikutano. Siku tatu vumbi la mbao lilianguka juu ya mafaili. Wananchi waliokuja kulalamika walishika mbao upande wa pili wakisaidia.

Alhamisi magari saba yalipita na samani, ngoma zikilia, wanawake wakipiga vigelegele. Bwana Nazmi alitangulia mbele akipokea hongera, utadhani randa aliishika yeye. Hajati alisimama kando na kilemba chake cha vumbi, na wanawake watatu wakamng'ang'ania palepale wakitaka kabati kama lile.

Jumapili Mkurugenzi alimwita.

"Hajati, Mungu akubariki. Sasa toa mashine zako, utuachie ofisi."

"Ofisi ya nani? Mwenye mita ndiye mkaaji halali. Soma hapa chini ya fomu ya mita. Na saini hii si yako?"

"Basi tubadilishe jina, irudi kwetu!"

"Lazima mwenye mita aridhie, mwanangu. Mimi sijaridhia. Ombeni mpya. Fomu zimo kwenye droo ile, sikuzitupa."

Mkurugenzi akanigeukia. Nilipitia nyaraka zote, nikamthibitishia kwamba utaratibu umefuatwa bila dosari hata moja. Sijui kwa nini hakufurahi.

Kwa sasa idara inahudumia umma kutoka kichochoroni, kwenye karakana aliyoihama Hajati. Viyoyozi vyetu vya fezi tatu havikubali kuwaka. Tumeizunguka meza moja ya seremala, wajumbe tisa na Mkurugenzi, tangu asubuhi hadi saa nane.

Jana mama mmoja aliingia, akatutazama mmoja mmoja, akauliza, "Samahani, nyie hapa mnatengeneza nini?"

Wajumbe tulimtazama Mkurugenzi. Mkurugenzi akanitazama mimi. Swali lake limepelekwa kwenye kamati ndogo, na mama ameombwa asubiri nje.