Uzinduzi wa Kituo cha Mwendelezo wa Biashara, Sankt Ulfried

(Hotuba hii ilitolewa katika banda la zimamoto, kwa sababu ukumbi wa halmashauri bado unanuka tope. Mimi ni katibu wa kikosi. Niliambiwa niandike kila neno na kila kitakachotokea, basi nimeandika.)

Mheshimiwa Meya na mwenza wako, Mheshimiwa Meya Mstaafu, ambaye tunafurahi kuona bado unapewa kiti cha mbele, Baba Paroko, Kamanda wa Zimamoto, Bwana Poldi Schachner, pamoja na kikosi chako, Mwenyekiti wa Bendi ya Matarumbeta, na Makamu Mwenyekiti wa bendi hiyo hiyo, maana najua ukisahauliwa unanuna, mabibi madaktari, na wale mabibi ambao ni madaktari kwa kuwa waume zao ni madaktari, wenye maduka, wenye saluni, wenye karakana, wadau wote, itifaki imezingatiwa: salamu! Mimi, kama mnavyojua, ni Magista Engelbert Zwickl, Mshauri wa Baraza la Kaizari, cheo nilichotunukiwa na Jamhuri yetu ya Austria kwa utumishi uliotukuka, na ingawa kaizari mwenyewe hatunaye miaka mingi sasa, ushauri wangu upo tayari siku yoyote akirudi.

(Makofi. Bendi inapiga kabla ya wakati, inanyamazishwa.)

Ndugu zangu, tunakutana katika muktadha wa mafuriko ya mwezi uliopita, ambapo mto wetu Lahnitz, bila taarifa ya maandishi na bila kufuata ngazi husika, uliingia Barabara Kuu usiku, ukapita kwa fundi viatu, ukapita saluni, ukafika katika duka la mikate la Bi. Zenzi Wimmerl, na huko ukakaa siku tatu kama mgeni asiyejua kuaga. Nilifika eneo la tukio mimi mwenyewe, mara tu barabara ilipokauka. Nilisikitika, nikapigwa picha nikisikitika, na picha hiyo mmeiona.

(Sauti kutoka nyuma: "Buti zako zilikuwa safi, Mheshimiwa!" Kicheko.)

Zilikuwa safi kwa sababu ya maandalizi! Na hapo ndipo penye kiini cha hotuba yangu. Miji mingine ilikumbwa na maafa ikiwa haina mpango. Sisi tulikuwa nao. Tangu majira ya kuchipua, ofisi yangu ilikuwa imekamilisha upembuzi yakinifu, ikaunda kamati, kamati ikaunda kamati ndogo, na kamati ndogo ikaja na Mkakati Jumuishi wa Kunusuru na Kuendeleza Biashara Ndogo Baada ya Maafa, ambao kwa mujibu wa tathmini tuliyojifanyia wenyewe umefanikiwa kwa asilimia mia moja na nne. Zile nne za ziada ni ari ya watumishi.

(Makofi ya mstari wa mbele. Bi. Zenzi, mwenye duka la mikate, anasimama. Amevaa aproni safi. Oveni yake imetengenezwa jana.)

("Mheshimiwa, samahani. Chupa yangu iko wapi?")

Nitafika huko, Bi. Wimmerl, nitafika huko, kila jambo lina kipengele chake. Mtakumbuka kwamba mkakati ulimtaka kila mwenye biashara ajiulize: siku duka likiondoka lote, ni kitu gani nikiwa nacho mkononi nitaweza kuanza upya? Na nakala ya kitu hicho ailete, ihifadhiwe katika Kituo chetu cha Mwendelezo wa Biashara, pale mlimani, juu kabisa, maji yasipofika. Fundi viatu alileta kalibu za mbao za miguu ya wateja wake. Bi. Jadranka wa saluni alileta kadi za kuchanganyia rangi za nywele, kadi nyeti mno, kwa maana humo ndimo tunamoweza kujua nani kati yetu ana mvi.

(Kicheko. Meya Mstaafu anapapasa kichwa.)

Naye Bi. Wimmerl alileta chupa ya kioo yenye chachu, ule unga mchachu anaouchukua kidogo kila siku kuumulia mkate wake mweusi, na unaobaki anaulisha unga mpya, kama alivyofanya mama yake, na bibi yake kabla ya mama yake. Niliipokea kwa mikono yangu. Kulikuwa na utepe.

("Ulikata utepe, nakumbuka," anasema Bi. Zenzi. "Ya dukani imekwenda na maji, Mheshimiwa. Jumamosi ni sikukuu ya parokia, nafungua. Naweza kukoroga mpya, lakini haitakuwa ile, na watu watajua kwa tonge la kwanza. Bila ile mimi nauza mkate kama wa supamaketi, na supamaketi wanauza rahisi kuliko mimi. Nitafunga kabla ya Krismasi. Nipe tu chupa yangu nikae chini.")

Umesema vizuri, mama, na kwa hisia, na katibu ameandika. Huo ndio ushirikishwaji wa wadau! Wananchi, mnamwona mama huyu? Huyu si mwathirika tena, huyu ni mnufaika. Sasa mlinganishe na hali ilivyokuwa kabla ya mkakati. Katika mji huu kulikuwa na tabia, na leo naikemea hadharani, ya kugawana vitu kiholela. Kila Pasaka Bi. Wimmerl alikuwa anawapa majirani chachu hiyo hiyo katika makopo ya jamu, bila lebo, bila namba ya usajili, na watu wanaenda kuiweka majumbani nyuma ya matango ya siki! Utaratibu gani huo? Ndiyo maana nilitoa waraka: chachu yote nje ya Kituo iharibiwe, ili mali muhimu ibaki moja, mahali pamoja, chini ya usimamizi mmoja. Nikapita nyumba kwa nyumba kufuatilia. Utekelezaji ulikuwa kamili.

(Bi. Jadranka wa saluni anaangalia viatu vyake.)

Sasa, wapo wanaouliza, Mheshimiwa, mbona tukipanda mlimani tunaona ng'ombe tu? Swali zuri. Ng'ombe wale wapo katika eneo la mradi. Kituo, ndugu zangu, si matofali. Mtu wa kawaida akisikia kituo anawaza ukuta, paa, mlango. Mtaalamu anawaza mfumo, na mfumo hauonekani kwa macho, ndiyo maana haukusombwa na maji. Naomba mnionyeshe jengo lingine katika bonde hili ambalo halikupata hata ufa!

("Maana halipo!" anasema Kamanda Poldi. "Sisi tumepiga pampu wiki nzima, mgongo huu hapa haunyooki, halafu unatuletea ng'ombe?" Kelele. Meya anaomba utulivu.)

Kamanda, jazba yako naipokea kama maoni. Twende kwenye kaulimbiu, tufunge kazi. Nikisema "Mwendelezo," mnajibu "Uendelee!" Mwendelezo!

("Chupa!")

Mwendelezo!

("Chupa!" Wanagonga meza.)

Tutalifanyia mazoezi. Nimalizie kwa shukrani. Namshukuru Meya kwa kunivumilia. Naishukuru bendi. Na kwa namna ya pekee namshukuru katibu muhtasi wangu, Bi. Waltraud, ambaye kwa kuwa ujenzi wa Kituo haukuanza, wala ramani haikuchorwa, wala mwenye ng'ombe hajaulizwa, alijitolea kukihifadhi Kituo chote katika jiko la ofisi yetu: kalibu na kadi juu ya kabati, na chachu ndani ya friji, kando ya soseji zake. Ni yeye pia ambaye mwezi wa saba, akiwa anafanya usafi kwa bidii, aligundua chupa imeanza kutoa povu na kusukuma kifuniko, akahisi hatari, akachukua hatua za haraka na kuimwaga chooni. Mpigieni makofi!

(Hakuna makofi. Bi. Zenzi anakaa. "Ilikuwa hai," anasema. "Povu ndio uhai wake. Jamani, ilikuwa hai." Anajifunika uso kwa aproni.)

(Bi. Jadranka anasimama. "Zenzi, usilie, nyanyuka twende. Kopo lako la Pasaka liko kwangu, ghorofani, nyuma ya matango. Nimelilisha unga kila Jumapili. Mheshimiwa, nilikwambia nimetupa. Nilikudanganya, na ukija tena nitakudanganya tena." Kamanda Poldi anakohoa: "Langu pia lipo." "Na letu," anasema Baba Paroko.)

(Watu wanainuka. Bi. Zenzi anatoka mbele, amemshika Jadranka mkono, anacheka na machozi hayajakauka. Bendi inawafuata.)

Naona wadau wanaelekea kwenye hatua ya utekelezaji! Katibu, andika: nakala zimepatikana, tena katika matawi mengi, kama mkakati ulivyokusudia tangu mwanzo. Natangaza Kituo kimefunguliwa rasmi. Mwendelezo!

(Nimebaki mimi tu, kwa sababu funguo za banda ninazo mimi.)

Asanteni sana kwa kunisikiliza. Na wewe katibu, ukipita kwa Bi. Wimmerl Jumamosi, nichukulie mkate mmoja, lakini usimwambie ni wa nani.